Mpini Uko kwa Nani

"Haendi! Haendi, na asiyeelewa maana ya haendi anyooshe mkono nimfafanulie!"

Huyo ni shangazi yangu. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na miaka yote hiyo ya kufundisha imemwachia sauti ya kupenya ukuta wa matofali. Sisi wenyewe tulikuwa tumekaa magoti kwa magoti kwenye chumba ambacho ukinyoosha mkono unagusa pua ya mwenzako.

Nikanyoosha mkono.

"Wewe sijakwambia unyooshe!"

"Lakini Shangazi, mimi ndiye..."

"Mpini uko kwa nani?"

Mpini ulikuwa kwake.

"Basi ziba mdomo."

"Na mimi nasema haendi," akadakia Baba mdogo, "ila kwa sababu zangu mimi. Sitaki kuchanganywa na sababu zako."

"Na wewe mpini huna!"

"Nitaupata wapi? Umeukumbatia tangu asubuhi kama mtoto wa kunyonya!"

Bibi akavua kandambili akaipiga mezani, paa! Vikombe vikaruka. "Kelele! Ukoo huu mtanizika na mdomo wangu wazi!"

Baba yeye alikuwa kimya. Yuko pembeni na sindano yake, anashona mto wa kochi uliofumuka. Baba ni fundi makochi. Ukimkalisha mahali penye mto uliofumuka halafu ukategemea akusikilize, kosa ni lako.

Sasa ngoja nikueleze, maana najua unajiuliza mpini gani na chumba gani hicho.

Sisi ni ukoo wa watu wa kususa. Siyo siri, mtaa mzima unajua. Kwetu mtu akishindwa hoja hasemi nimeshindwa. Anasimama, anatoka, anabamiza mlango. Baba mdogo aliwahi kubamiza mlango wa sebuleni mpaka fremu ikadondoka na saa ya ukutani. Shangazi naye aliubamiza wa jikoni kitasa kikabaki mkononi, akaenda nacho mpaka kwake, na mpaka leo hajakirudisha kwa sababu akikirudisha itaonekana ameomba msamaha. Kwa hiyo kila kikao cha familia kilikuwa kinaishia njiani. Watu wanaanza watano, anabaki Bibi na paka.

Ndipo Bibi akaikumbuka boti.

Marehemu babu aliacha boti ya matanga. Boti ya kweli, nyeupe, ina mlingoti mrefu, ina chumba cha ndani chenye meza katikati na viti pande zote, imefungwa nanga katikati ya ghuba. Babu alitaka azunguke nayo dunia. Hakuwahi kufika hata upande wa pili wa ghuba, Mungu amrehemu. Tanga lenyewe halipo tena. Baba alilitazama siku moja akasema kitambaa kama hiki hakipatikani madukani, akalikata lote akatengenezea mito ya humo humo ndani. Kwa hiyo ni boti ya matanga ambayo tanga lake tumelikalia. Injini nayo ilipelekwa kwa binamu ikaendeshe mashine ya kusaga, bado inasaga.

Bibi akasema hayo yote hayana neno, yeye hataki boti iende popote. Anataka isimame. Akatoa amri: kuanzia sasa vikao vyote vya ukoo vitafanyika kwenye boti, katikati ya maji. Mpiga makasia anatupeleka, anatuacha, anaondoka na kimtumbwi chake. Kikao kikiisha, Bibi anatundika kanga nyekundu mlingotini, jamaa anatufuata. Na kikao hakiishi mpaka wote waseme neno moja. Sasa susa! Toka tuone unakwenda wapi! Bamiza mlango halafu ujitose!

Hiyo ni sheria ya kwanza. Sheria ya pili ni mpini.

Kule mbele kabisa, kwenye omo ya boti, kuna winchi, lile dude la chuma la kushusha na kupandisha mnyororo wa nanga. Linazungushwa kwa mpini wa chuma unaochomoka, mzito, kama urefu wa mkono mpaka kiwiko. Bibi aliuona akasema huu huu. Mwenye mpini ndiye anaongea, asiye na mpini anasikiliza, na mpini hautoki humu chumbani mpaka kikao kifungwe. Kweli ilisaidia. Tangu hapo watu wakawa wanatukanana kwa zamu.

Sasa siku hiyo ajenda ilikuwa mimi.

Nimemaliza shule. Matokeo yangu sitaki tuyaongelee, hayahusiani. Kilichotokea ni kwamba walikuja mtaani kwetu mafundi wa kuchimba visima na lori lao la bluu lenye mtambo mgongoni. Nikaenda kushangaa kama watu wengine. Jioni watu wengine wakarudi kwao, mimi nikabaki nashika mabomba. Sijui nikuelezeje. Ardhi inatetemeka chini ya miguu, linatoka vumbi, linatoka tope, linatoka jiwe la rangi ambayo hujawahi kuiona, halafu bomba linakohoa, na maji yanaruka juu machafu kama chai ya maziwa na watu wazima wanacheza ngoma ndani yake. Mimi huyu ambaye darasani nilikuwa siwezi kukaa kipindi kizima bila kutikisa mguu, nilisimama pale siku nzima sijatikisa chochote. Mkuu wao, wanamwita Toboa, akaniambia, "Dogo, una mikono. Tunahama. Lori linaondoka siku fulani mchana, pale kituo cha mafuta cha ufukweni. Ukija, umekuja. Usipokuja, sisi hatupigagi honi mara mbili."

Siku fulani yenyewe ndiyo hiyo. Mchana ndio huo. Na mimi niko katikati ya ghuba na ukoo wangu.

Kwenye kile kidirisha cha duara pembeni yangu nilikuwa naliona lori. Dogo tu, bluu, kama toi, chini ya paa la kituo cha mafuta kule ng'ambo.

"Namalizia," Shangazi akasema, na hiyo ilikuwa ni mara ya nne anamalizia. "Mtoto atarudia mtihani. Atakaa kwangu. Ataamka na mimi, atasoma na mimi, atalala nikishazima taa. Kuchimba mashimo ni kazi ya panya. Mpini huo."

Baba mdogo akaupokea kama kombe la mpira. Baba mdogo ni kinyozi, na ndiye nahodha wetu. Unahodha wenyewe aliupata kwa sababu kofia ya babu ilimtosha yeye tu.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akaanza, akimwinamia Bibi, "saluni yangu ina viti viwili. Kimoja nanyolea. Kimoja kina nini? Kina mwanya! Kina upweke! Mteja anaingia, anakitazama kile kiti kitupu, anapata huzuni, anatoka hajanyoa. Mimi namtaka huyu kijana kwenye kile kiti..."

Hapo ndipo boti ilipoyumba mara ya kwanza.

Kuyumba kidogo tu, kama mtu amekuegemea kwenye foleni. Mwanga ukapungua ghafla, kama mtu kaweka blanketi juu ya ghuba. Nikatazama nje. Upande wa bahari kuu mbingu ilikuwa nyeusi rangi ya sufuria, na ule weusi ulikuwa unatembea, unakuja kwetu. Mbele yake maji yameshaanza kuota nywele nyeupe.

Nikanyoosha mkono.

"Kijana asubiri," akasema Bibi.

Upepo ukafika. Mimi nilidhani upepo unaanza kidogo kidogo. Huu ulikuja mzima, kama mdai... hapana, kama mama mkwe, bila hodi. Mlingoti ukalia uuuu. Boti ikageuka yote, ikauvuta mnyororo, ikashtuka kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Vikombe vyote vikahamia kwa Shangazi. Birika likafuata.

"...kwenye kile kiti," Baba mdogo akaendelea huku kashika meza kwa mkono mmoja na mpini kwa mkono mwingine, "ajifunze mashine, ajifunze wembe, ajifunze maongezi, maana kunyoa ni maongezi..."

"Baba mdogo," nikasema, "hii si dhoruba?"

"Mpini!" wakanijibu wote watatu.

Mvua ikaanza kupiga juu ya paa kama mtu anamwaga kokoto. Sasa hapo nisikudanganye, Baba mdogo siyo mjinga wa boti. Babu alimfundisha. Nikamwona anatega sikio kule mbele, mnyororo unasema krrr, unanyamaza, unasema krrr. Uso ukambadilika.

"Mwenyekiti," akasema, "kwa mawimbi haya mnyororo tuliouacha ni mfupi. Ukiwa mfupi, nanga inainuka inaanza kuburuta. Inabidi mtu aende mbele aulegeze, aongeze mnyororo. Ni dakika chache tu."

"Nenda basi," akasema Bibi.

Baba mdogo akasimama. Akautazama mpini mkononi mwake. Sisi sote tukautazama.

"Winchi haizunguki bila huu," akasema.

"Mpini hautoki humu," akasema Bibi.

"Najua, Mama. Ndio nasema."

"Kikao kikifungwa utatoka."

"Tukifunge basi kikao, jamani!"

"Tumeafikiana?" Bibi akauliza. "Wote neno moja?"

Baba mdogo akamtazama Shangazi. Shangazi akakunja mikono, vikombe vitatu mapajani. "Mimi nimeshasema. Anarudia mtihani. Mkikubali sasa hivi, kikao kimefungwa, nenda na mpini wako."

"Ahaa! Unaona, Mama? Anaitumia dhoruba! Anataka kunipora kijana kwa nguvu za Mungu!" Baba mdogo akakaa chini, pu! "Hapana. Bora nizame na haki yangu."

"Kila mtu avae boya!" nikapiga kelele, bila mpini, sikujali tena.

Maboya ya kuvaa yapo, tena mazuri, ya rangi ya chungwa. Yako ndani ya sanduku la kiti. Kiti chenyewe ndicho alichokalia Bibi.

"Bibi, sogea kidogo tu tuchukue maboya."

"Mwenyekiti haachi kiti," akasema Bibi. "Mwenyekiti akiinuka kikao kimevunjika. Mnataka kivunjike? Nimesema uongo?"

"Hujasema uongo, Mama," Shangazi akasema huku birika limerudi kwake mara ya pili.

Wimbi likatupiga ubavuni. Bibi mwenyewe akateleza na mto wake wote, akaenda mpaka kwa Baba mdogo, boti ikarudi, na yeye akarudi, akatua pale pale juu ya maboya, hajakunja hata uso. Shangazi akaangukia chini ya meza. Mimi nikapiga kichwa kwenye mlango wa choo. Pazia la choo likaanguka na ndoo ikaanza kutembea. Ndoo sitaielezea.

"Hivi ndivyo watu wanavyoumia," akasema Baba. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi. Wote tukageuka. "Mito inateleza. Mtu akikaa juu ya mto unaoteleza, anateleza nao. Mito nitaikaza kwenye mbao. Nikiwashona na nyie kwenye mito, hakuna atakayeanguka."

 

Ungedhani mtu atacheka. Bibi akatikisa kichwa, akasema, "Angalau mmoja wangu ana akili. Anza na mimi."

Basi Baba akaikaza mito, akaanza. Akatunga uzi wa katani kwenye ile sindano yake kubwa iliyopinda kama kucha ya mwewe, akapiga magoti kwenye sakafu inayopanda na kushuka, akamshona mama yake mzazi kwenye kochi. Gauni na kanga, upande wa kulia, upande wa kushoto, uzi mara mbili. Fundi ni fundi. Hata dunia ikipinduka mshono wake umenyooka. Akamshona Shangazi, sketi na kitambaa cha tanga la marehemu babu. Akamshona Baba mdogo suruali, na Baba mdogo huku anashonwa anaendelea na hotuba ya saluni, "aii, hapo ni mimi mwenyewe hapo, siyo suruali!" Akajishona na yeye mguu mmoja.

Mwisho akaja kwangu. Akanishona shati mgongoni na kiunoni. Alinishona haraka haraka, mpaka nikajisikia vibaya kidogo. Nikasema moyoni, hata kwenye kushonwa mimi ni wa mwisho.

Kisha nikatazama nje, na lori halikuwa toi tena.

Nikafikicha macho. Lilikuwa kama paka sasa. Nilikuwa naziona taa zake. Niliona mtu kasimama pembeni yake kajifunika gunia. Nikageuza shingo kutazama boya jekundu la wavuvi lililokuwa kati yetu na ufukwe asubuhi. Sasa lilikuwa upande wa bahari, mbali, linatupungia mkono.

"Naomba mpini! Naomba mpini, kwa heshima zote, naomba!"

Kwa kweli walinipa. Nadhani ni kwa sababu ya uso wangu. Baba mdogo aliuteleza mezani, nikaudaka. Siku nzima nilikuwa nimeusubiri huo mpini. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimepanga niwaambie kuhusu bomba linavyokohoa. Badala yake nikasema:

"Nanga inaburuta! Hatuko tulipokuwa! Tunakwenda ufukweni kinyumenyume!"

Shangazi akanyoosha mkono. "Utaratibu, mwenyekiti. Ajenda ni moja tu, mustakabali wa mtoto. Suala la mahali ilipo boti halimo. Aliweke kwenye mengineyo."

"Shangazi, tazama dirishani!"

"Sitazami kitu ambacho hakimo kwenye ajenda."

"Baba mdogo! Wewe ni nahodha!"

Baba mdogo akachungulia. Nikamwona ameona. Lakini akili zake nilizijua: akikubali kwamba tunaburuta, ina maana ni kosa lake kukataa kufunga kikao, na Shangazi ataliimba hilo mpaka siku ya kiama. Akaishusha kofia machoni.

"Mawimbi yanadanganya macho," akasema. "Inaonekana kama tunakwenda. Kumbe maji ndiyo yanakwenda."

"Haya tusikilizane," Bibi akasema. "Nani anasema tuko pale pale?"

Bibi, Shangazi na Baba mdogo wakanyoosha mikono. Baba alikuwa anang'ata uzi.

"Nani anasema tumesogea?"

Mkono wangu.

"Hakuna neno moja," akasema Bibi. "Lisipopatikana neno moja, mambo yanabaki yalivyokuwa. Asubuhi tulikuwa katikati ya ghuba. Kwa hiyo tuko katikati ya ghuba. Rudisha mpini."

Nikarudisha. Ungefanya nini? Nilishonwa.

Kitu ambacho sitakisahau ni yale maongezi yaliyofuata. Upepo unavuma mpaka maneno yanakatika vipande. Boti inapiga goti, inainuka, inapiga goti. Mnyororo unalia krrr bila kupumzika. Na wao wamepata raha! Wametulia kama watu wa arusini, maana hawaanguki tena. Shangazi akaomba mpini akaanza kueleza hasara za kukosa hesabu. Baba mdogo akajibu kwamba hesabu za saluni ni kichwa kimoja, kichwa kingine, hesabu gani zaidi? Na mimi dirishani naliona lori likikua. Paka, mbuzi, ng'ombe. Nikamwona Toboa mwenyewe, na sigara yake isiyowaka. Nikaona kibao cha kituo cha mafuta kinabembea kwenye mnyororo mmoja. Sikuwahi kufikiria kwamba nitapelekwa kwenye kazi yangu na watu walewale wanaonikataza, mguu kwa mguu, mpaka mlangoni, huku wakinikataza.

Halafu, du!

Siyo kishindo kikubwa. Kama mtu mnene amekaa kwenye kochi. Boti ikakwama, ikapumua, ikalala upande wa kushoto polepole mpaka meza ikawa mlima. Mpini ukamponyoka Shangazi, ukateremka mezani, ukaanguka miguuni kwangu.

Dirishani, ngo ngo ngo.

Mtu anabisha hodi kwenye dirisha la boti! Nikafuta ukungu. Alikuwa Mama. Kasimama kwenye maji ya magotini, mwavuli umepinduka nje ndani, begi langu kichwani. Mama yeye vikaoni haji. Husema yeye kaolewa tu humu, kikao cha ukoo hakimhusu, na siku za vikao huwa anang'aa uso kama aliyepewa likizo.

Nikafungua dirisha, mvua ikaingia.

"Mmekuja kufanya nini huku?" akauliza Mama.

"Shemeji, usivuruge kikao," akasema Baba mdogo kutoka upande wa juu, ananing'inia kwa suruali. "Tuko baharini."

"Mko nyuma ya vyoo vya kituo cha mafuta."

"Hilo halimo kwenye ajenda!" akasema Shangazi.

Mama akawatazama mmoja mmoja, walivyoshonwa. Hakuuliza. Amekaa na ukoo huu muda mrefu. Akanigeukia mimi. "Wanaume wa lori walijibanza mvua ipungue. Sasa wanawasha. Begi lako hili. Nguo kavu ziko chini, juu nimeweka sabuni." Akaondoka zake kwenda kusimama chini ya paa.

Na kweli, honi ikalia. Mara moja.

Nikainama nikaokota mpini.

Nyie, ule mpini ni mzito. Nilikuwa nimepanga maneno, si nilikuambia? Yote yalikuwa yametoka na ndoo. Nikawatazama. Bibi kaegama kwenye kiti chake kama picha iliyotundikwa vibaya ukutani. Wote wananisubiri, maana mpini uko kwangu, na hata wawe na matatizo yao mengine, sheria ya mpini hawaivunji.

"Naondoka," nikasema.

Ni hilo tu lililotoka.

Nikainuka kwa nguvu zote, nimekaza meno, nimejiandaa kuacha nusu ya shati, au shati zima na ngozi. Nikasikia nyuzi zikiteleza mgongoni, srrrr, laini, kama mtu anavuta uzi kwenye siagi. Hakuna kilichochanika. Nikawa nimesimama na uzi mrefu mmoja unaning'inia kiunoni, mzima.

Nimekulia chini ya meza ya Baba, kwenye vipande vya sponji. Mishono naijua kabla sijajua kusoma. Wale wote aliwashona uzi mara mbili, mshono wa kochi, ule ambao mbao itaoza kabla ya uzi. Mimi alinipiga bandi. Bandi ni ule ushonaji wa kushikiza tu, wa muda, unakishikiza kitambaa kikusubiri huku unaamua. Ukivuta, unatoka wote.

Nikamtazama Baba. Baba anaitazama sindano yake kama ndiyo kwanza ameletewa.

"Huyo kafungukaje?" Shangazi akapiga kelele, bila mpini kabisa, sheria zimeanza kumponyoka.

"Uzi wa zamani," akasema Baba. "Umekatika."

Nikauzungushia uzi wangu mzima kwenye kidole, nikautia mfukoni.

"Kijana," akasema Bibi. Mwenyekiti haulizwi mpini. Sauti yake haikuwa ya mwenyekiti lakini. "Hakuna aliyewahi kutoka kwenye kikao hiki."

"Najua, Bibi."

"Na redio yangu?"

Kumbe ilikuwa redio. Siku nzima watu wanapigania mtihani na viti vya saluni, kumbe yeye anawaza nani atamwekea betri.

"Betri ziko kwenye mkebe wa biskuti, Bibi. Upande wenye kichwa unatazama mlangoni."

"Mlango upi?"

"Wa chumbani kwako. Ukiwa umekaa kitandani."

Akafikiri. "Ukiwa kitandani," akasema, anaiweka kichwani.

Nikaona Shangazi anavuta pumzi ya kuanza upya, na Baba mdogo anavuta ya kumwahi. Nikafanya kitu cha akili kuliko vyote nilivyowahi kufanya, shuleni wangekiona wangenipa cheti. Nikaupanda ule mlima wa sakafu, nikamwekea Baba mpini mkononi.

Siku nzima hakuwa ameushika. Sidhani kama amewahi kuushika tangu vikao vihamie kwenye boti.

Akaupima uzito. Akaulaza mapajani. Midomo ya wote ikabaki wazi, maana mpini uko kwa Baba, na mpaka Baba aseme neno hakuna mwenye ruhusa ya kusema neno.

"Sema basi!" akasema Bibi.

"Natafakari, Mama," akasema Baba.

Akaendelea kutafakari. Alitafakari vizuri sana, kwa utulivu, kama mtu anayechagua kitambaa. Nikapanda ngazi ndogo kuelekea mlangoni, mvua inanipiga usoni, kule juu naona moshi wa lori unatoka, Mama anapunga mwavuli wake mbovu kumzuia Toboa. Nikageuka mara moja. Baba hakuinua macho. Alikuwa anapapasa mpini kwa dole gumba, anatafakari.

Nilitaka kuufunga ule mlango polepole. Naapa. Nilitaka kuwe na mtu mmoja katika ukoo huu aliyewahi kutoka akarudishia mlango kama binadamu. Nikaushika kwa mikono miwili, nikauteremsha taratibu. Lakini boti ilikuwa imelala ubavu, mlango ni wa mbao nzito umelewa maji, ukanitoka vidoleni ukashuka wenyewe.

Paa!

Na ndani nikamsikia Bibi: "Mmeona! Damu ni ileile!"